Kontena hurudi tupu

Ofisi iko orofa ya pili, hatua chache kutoka Moi Avenue, na dirisha likiwa wazi unasikia honi za tuktuk na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kazi yao ni kliaringi. Mteja akiingiza mzigo bandari ya Kilindini, Mombasa, wao ndio wanaokimbizana na karatasi, ushuru na lori, mpaka mzigo utoke na kontena tupu lirudishwe kwa wenye meli. Mwaka 2021 niliwaundia mfumo wa kufuatilia mizigo hiyo. Ulikuwa mfumo wa kawaida: programu ya wavuti kwa Django, hifadhidata ya PostgreSQL nyuma yake, Nginx ikipokea wageni wa wavuti mlangoni, kila kimoja ndani ya kontena lake la Docker, yaani sanduku la kuendeshea programu, vyote juu ya seva moja ya kukodi.

Asubuhi moja ya Agosti 2023 niliifuta hifadhidata yao yote kwa amri moja.

Nilikuwa nimefungua terminali mbili, madirisha ya kuandikia amri, moja ya laptopu yangu na moja ya seva. Kwenye laptopu nilikuwa na desturi: nikitaka kuanza jaribio upya naandika `docker compose down -v`, kisha napandisha kila kitu tena. Herufi hiyo ya mwisho, v, ndiyo inayoagiza kwamba volyumu nazo ziondolewe, na volyumu ndipo Postgres inapoweka data yake. Terminali niliyoiandikia haikuwa ya laptopu. Ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Karani wa meza ya pili akageuka akaniambia ukurasa wake umekuwa mweupe.

Sikutishika mara moja, kwa sababu bekapu zilikuwepo. Kila usiku saa nane skripti ilitoa nakala ya hifadhidata, ikaibana kwa gzip, ikaiweka kwenye folda yenye tarehe. Nikafungua folda. Faili zipo zote, usiku baada ya usiku, hakuna hata mmoja uliorukwa. Kisha nikatazama ukubwa. Baiti 20. Baiti 20. Baiti 20. Nikapanda juu kwenye orodha mpaka nikafika faili la siku 23 nyuma, na hilo ndilo lilikuwa la mwisho lenye kitu ndani yake.

Mikono ikaanza kunitoka jasho. Baadaye nilielewa kilichotokea, na nakieleza kwa urefu kwa sababu nimekuta skripti kama ile kwenye seva za watu wengi. Compose ni zana ya Docker inayopandisha makontena mengi pamoja kwa kusoma faili moja la maelekezo. Toleo lake la 1 liliyapa makontena majina yenye mstari wa chini, kama ofisi_db_1. Toleo la 2 linaweka kistari: ofisi-db-1. Toleo la 1 lilipoacha kuhudumiwa katikati ya 2023, nilihamia la 2, mfumo ukapanda vizuri, data yote ikaonekana, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika. Skripti ya bekapu ilibaki ikiita jina la zamani. Kila usiku `docker exec`, amri ya kuendesha kitu ndani ya kontena, ilikosa kontena hilo, gzip ikapokea utupu, nayo ikipewa utupu hutoa faili la baiti 20, yaani kichwa na mkia bila mwili. Na kwa kuwa amri zikiunganishwa kwa bomba, ya kwanza ikimpa ya pili matokeo yake, Bash inayoendesha skripti hutazama jibu la ile ya mwisho tu, kazi ilihesabiwa kuwa imefaulu. Hakuna barua pepe ya onyo iliyokuja. Hakuna kilichonung'unika.

Nilimweleza mwenye ofisi ukweli wote, bila kupunguza. Ni mama wa makamo, mpole. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, karatasi zipo. Kaa hapo uandike.”

Tukaandika siku mbili, mimi na makarani wawili, kutoka kwenye majalada ya kadibodi. Hati za shehena, tarehe meli ilipofunga, tarehe ya kutoka getini, lori lipi, dereva yupi, amana ya kontena imelipwa au bado. Hapo ndipo nilipoijua data ile kwa mara ya kwanza. Miaka miwili nilikuwa nikiitazama kama majedwali. Sasa kila mstari niliuona kama pesa ya mtu: siku za bure za kukaa bandarini zikipita, gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa, kontena tupu likichelewa kurudi, wenye meli wanadai fidia. Kosa la siku moja kwenye jedwali langu lilikuwa deni la mteja.

Usiku wa kwanza alikuja kukaa nasi karani mkuu wa ofisi, mzee ambaye ujanani mwake alibeba magunia bandarini. Sote tunamwita Ami. Alitazama kidogo tunavyofanya, kisha akaniuliza, “Hebu n'ambie, wasema programu yako yakaa ndani ya kontena. Kontena gani?”

Nikamweleza. Nikamwambia hata jina Docker ni la kuli wa bandarini, na kwamba tangu Solomon Hykes alipoionyesha hadharani kule Marekani mwezi Machi 2013, fikra yake imekuwa ileile ya bandari: pakia kila kitu kwenye sanduku la kipimo kimoja, liende popote, likifika lifunguke vilevile.

“Na mzigo umeueka humo humo?”

Nikamwambia mzigo uko pembeni, kwenye volyumu, ila nimeifunga pamoja na kontena na vikatupwa vyote kwa pamoja.

“Basi hapo ndipo ulipokosea. Kontena ni la meli, lataka kurudi. Mzigo ni wa mwenyewe. Sisi hatuchezi, mzigo washushwa godauni kwanza, waandikwa, wahesabiwa, ndipo kontena lenda zake.”

Tangu siku ile mpangilio wangu wa kila mradi huanzia hapo. Volyumu ya hifadhidata naiunda kwa mkono, kwa `docker volume create`, na ndani ya faili la Compose naitangaza kuwa ni ya nje kwa `external: true`. Compose haifuti volyumu iliyotangazwa kuwa ya nje, hata ukiandika -v mara kumi. Hilo lingeniokoa asubuhi ile. Terminali ya seva nimeipaka rangi nyekundu. Na mteja akiwa na uwezo, hifadhidata naiweka kwenye mashine yake peke yake, mbali na ile ninayoichokora kila wiki.

Bekapu nayo nimeibadilisha. Skripti huanza na `set -o pipefail` ili amri yoyote kwenye bomba ikishindwa, kazi nzima ihesabiwe imeshindwa. Siiti tena kontena kwa jina lake. Naita huduma, yaani jina nililoipa hifadhidata ndani ya faili la Compose, kwa `docker compose exec -T db pg_dump -Fc`. Ile T kubwa ina maana yake: ukiacha Docker itengeneze terminali ya bandia, inaingiza herufi za ziada mwishoni mwa mistari na faili la bekapu la aina hiyo linaharibika, na hutajua mpaka siku ya kulihitaji. Faili likitoka dogo kuliko nusu ya lile la jana, simu yangu inapokea ujumbe. Nakala moja hubaki, nyingine inasafiri kwenda seva ya mji mwingine ikiwa imefungwa kwa ufunguo, maana ndani yake mna namba za vitambulisho na simu za madereva, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Kubeba data ya watu wazi kwenye flashi mfukoni, ukivuka feri ya Likoni nayo, ni jambo ninalowakataza vijana ninaofanya nao kazi, nami ni mkali kwa hilo.

Lakini kubwa kuliko hayo ni zoezi la Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijanywa chai, napandisha kontena jipya la Postgres kwenye laptopu, narejesha humo bekapu ya usiku, nauliza maswali mawili: mistari mingapi kwenye jedwali la mizigo, na mzigo wa mwisho uliandikwa lini? Kisha nalitupa lile kontena. Hapa ndipo teknolojia hii inapong'aa, kwa sababu kupata hifadhidata tupu ya kujaribia na kuitupa ni kazi ya dakika chache. Kabla ya hapo nilikuwa nahifadhi faili na kuliita bekapu. Sasa neno hilo nalitumia kwa faili nililolirejesha mwenyewe nikaona mistari yake.

Siku zile mbili za kuandika zilinifunza pia kuhusu namba za makontena yenyewe. Namba hiyo ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya saba haikuwekwa ovyo: inakokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zote zilizotangulia, ili mtu akikosea kunakili ijulikane. Ni kanuni ya kimataifa, ISO 6346. Saa sita usiku, macho mazito, tulikuwa tunageuza 6 kuwa 8 na mfumo wangu unakubali tu. Nikasimamisha kazi nusu saa, nikaandika hesabu ile ndani ya hifadhidata kama sharti la safu. Makosa matano yaliyokwisha kuingia yakajitokeza papo hapo. Najua wengi huweka ukaguzi kwenye fomu tu. Mimi nasema uweke kwenye fomu kwa ajili ya mtumiaji, halafu uuweke kwenye hifadhidata kwa ajili ya mzigo, kwa sababu fomu zitabadilishwa, skripti zitaandikwa, na siku moja mtu ataingiza data kwa mkono.

Kosa jingine la siku moja nililipata miezi michache baadaye. Kontena nyingi hutoka getini usiku. Lori likitoka saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, karani wa zamu anaandika Jumanne, lakini ripoti ilionyesha Jumatatu. Makontena ya Docker, usipoyaambia vingine, hutembea kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia, na Mombasa tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo tarehe ya mfumo wetu ilikuwa inabadilika saa tisa usiku, na kila gari lililotoka kati ya saa sita na saa tisa lilihesabiwa siku iliyotangulia. Kwa duka la nguo lisingekuwa jambo. Kwa ofisi inayohesabu siku za bure, lilikuwa jambo kubwa. Dawa si kuipa kila mashine saa ya nyumbani. Hifadhi wakati kwa aina ya `timestamptz`, inayozingatia eneo la saa, iache Postgres ishike UTC, kisha ubadilishe kuwa Africa/Nairobi pale unapoonyesha au unapokata tarehe. Na ukikata tarehe ndani ya hoja ya SQL, taja eneo la saa waziwazi. Usitegemee mpangilio wa seva.

Mlango wa hifadhidata. Mifano mingi ya kujifunzia huandika `5432:5432`, yaani mlango wa Postgres wa mtandaoni ufunguliwe hadi nje ya kontena, nami niliinakili. Seva ilikuwa na ufw, firewali ya kuzuia wageni wa mtandao, na nilikuwa nimeruhusu milango mitatu tu, nikalala. Siku moja nasoma logi za Postgres nikakuta majaribio ya kuingia kwa jina la postgres, paswadi baada ya paswadi, kutoka nchi nisizokuwa na jamaa hata mmoja. Docker inapotangaza mlango huandika kanuni zake yenyewe za iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na zile za ufw zinapitwa pembeni. Firewali yangu ilikuwa kama mlinzi anayekagua geti la mbele wakati ukuta wa nyuma umebomolewa. Ondoa mstari ule kabisa. Programu na hifadhidata zikiwa kwenye mtandao mmoja wa Compose zinaonana kwa jina la huduma, hazihitaji mlango wa nje. Ukitaka kuingia mwenyewe, andika `127.0.0.1:5432:5432` halafu pita kwa SSH, njia iliyofungwa ya kuingia seva. Na ukibadilisha POSTGRES_PASSWORD kwenye faili la mazingira, usidhani paswadi imebadilika: imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutoka kwacho, husoma neno hilo siku ya kwanza tu, folda ya data ikiwa tupu. Baada ya hapo ni kwa amri ya SQL, ALTER ROLE.

Kuhusu kuwaka kwa mpangilio, nitasema kwa ufupi. Agizo la Compose la `depends_on` peke yake huhakikisha kontena la hifadhidata limeanzishwa, si kwamba liko tayari kupokea wageni. Weka ukaguzi wa afya kwa `pg_isready` na sharti la `service_healthy`. Ongeza `-h 127.0.0.1` kwenye ukaguzi huo, kwa sababu siku ya kwanza kabisa imeji huwasha Postgres ya muda isiyosikiliza mtandao ili iandae mambo, na ukiuliza kwa njia ya soketi, mlango wa ndani ya mashine usiopita mtandaoni, utajibiwa iko tayari kumbe inakaribia kujizima. Hata ukifanya hayo, ifunze programu yako kujaribu tena ikikosa muunganisho. Umeme ukikatika na kurudi, vitu huamka kwa mpangilio vinavyoutaka vyenyewe.

Matoleo ni suala lililonitesa mara moja na sitaki linirudie. Nilikuwa nimeandika postgres:latest. Toleo kubwa jipya lilipotoka na seva ikavuta imeji mpya, Postgres ilikataa kuwaka, ikisema faili za data ni za toleo jingine. Ilikuwa sahihi kukataa. Postgres hutoa toleo kubwa karibu kila mwaka na kila moja huhudumiwa miaka mitano, kwa hiyo hakuna haraka: andika namba, mfano 16, na uhamie kwa siku uliyoichagua, kwa kutoa nakala na kuirejesha kwenye toleo jipya. Anayehamia 18 atazame pia mahali pa kuunganisha volyumu, kwa sababu imeji rasmi ilihamisha njia hiyo ikawa /var/lib/postgresql badala ya ile ya zamani iliyoishia na data.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikawa ya kutambaa kote Afrika Mashariki. Mombasa ndipo nyaya hizi zinapotia nanga, nasi tulikaa kwenye foleni kama wengine wote. Nilikuwa nimeahidi kupandisha toleo jipya usiku huo, na mtindo wangu wa wakati huo ulikuwa kujengea imeji kwenye seva yenyewe: nafuta ya zamani ili kupata nafasi, navuta vifurushi vyote upya, najenga. Nilikwama katikati, mfumo umezimwa, vifurushi havishuki, na imeji ya zamani sinayo tena. Ofisi ilifungua Jumatatu bila mfumo mpaka saa sita mchana. Siku hizi imeji hujengwa mahali pengine, hujaribiwa, na hufika kwenye seva siku moja kabla. Ile ya nyuma haifutwi mpaka mpya imalize wiki nzima. Kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, orodha ya vifurushi hunakiliwa na kusakinishwa kwanza, msimbo baadaye, ili ukigusa mstari mmoja wa msimbo tabaka la vifurushi lisijengwe upya. Kwa programu ile, ninachosafirisha sasa kila toleo ni megabaiti chache badala ya mamia. Kwa anayelipia bando kutoka mfukoni mwake, hilo si dogo.

Kubadilisha majedwali nafanya kama hatua yake peke yake, kontena moja linalokimbia mara moja na kufa, kabla ya programu mpya kupanda. Zamani niliiweka kwenye amri ya kuwasha programu, na siku nilipoongeza kontena la pili yote mawili yalianza kubadilisha jedwali lilelile kwa wakati mmoja. Naongeza safu kwanza, natoa programu inayoitumia, na safu ya zamani naiondoa baada ya wiki mbili tatu. Na naweka `lock_timeout`, kikomo cha kusubiri kufuli la jedwali, ya sekunde chache, maana ALTER TABLE ikisubiri nyuma ya ripoti ndefu, kila anayekuja baada yake naye anasubiri, na ofisi nzima inasimama.

Logi: bila kikomo, Docker huziandika mpaka diski ijae, na Postgres haina pa kuandika ikafa. Weka `max-size` na `max-file`. Hilo halina maelezo zaidi.

Vijana huniuliza mbona sijahamia Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena kwenye mashine nyingi. Ofisi ina watumiaji kumi na wawili. Ningeongeza mashine ya kunikosesha usingizi, na mzigo ungebaki uleule.

Mwaka jana, asubuhi ya siku ya kazi saa moja, diski ya seva ile ilikufa. Si mimi niliyeiua safari hii. Nilikuwa Kongowea sokoni, nikaacha kikapu kwa muuza nazi ninayemjua, nikaenda ofisini. Nikakodi seva mpya, nikaiwekea Docker, nikavuta imeji zenye namba zilezile, nikaunda volyumu, nikashusha bekapu ya saa nane usiku na kuirejesha. Dakika 50 kwa jumla, na makarani walikuwa bado wanavua viatu mlangoni.

Ami alinikuta kwenye meza yake. “Shikamoo Ami,” nikamwambia. Akaitikia marahaba, akavuta kiti, akafungua daftari lake la mkono ambalo hajawahi kuliacha, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa jana, kontena lililotoka getini saa kumi na moja jioni. Akanisomea namba, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, nami nikafuata kwenye skrini mpaka ile ya saba.

“Tisa,” akasema.

“Tisa,” nikasema.

Akafunga daftari, akamwita muuza kahawa.